Jembe la Alhamisi

Namba ilikuwa nyekundu, na Madam Dorcas Pokuaa, mkuu wa Sekondari ya Odumkrom, aliigonga kwa ukucha kila alipoitaja. Asilimia tisini na moja. Insha mbili, wanafunzi wawili, maneno karibu yale yale. Kamati ya nidhamu ingekaa mara tu baada ya chakula cha mchana, na kama hakuna jipya, Araba Ekuban wa kidato cha tatu angefungasha virago leo leo, mtihani wa mwisho ukiwa mlangoni. Na nani tena hapa Kumasi angempokea msichana aliyefukuzwa kwa wizi wa insha?

Akyaa Tenkorang alisikiliza bila kutikisa kichwa. Alikuwa amelitumikia jeshi la polisi ujana wake wote, kitengo cha kughushi, akinusa sahihi za bandia na hati za viwanja. Alipostaafu akageukia insha. Shule zilimwita awafundishe walimu namna ya kumnasa mwanafunzi aliyenakili, na karibu kila alikokwenda aliwakuta wameshanunua mashine ya kulinganisha maandishi na wameacha kusoma. Hilo lilimkera kuliko wizi wenyewe.

“Mashine inasema zinafanana,” alisema. “Haisemi ipi mama, ipi mtoto.”

Madam Dorcas akamwonyesha tarehe. Insha ya kwanza ilikuwa ya Owusu Agyeman, kiranja wa darasa, na ilikuwa imeshinda shindano la mkoa muhula uliopita. Kombe lenyewe lile pale juu ya kabati, limefutwa vumbi. Insha ya pili ilikuwa ya Araba, na ilitokea juzi tu kwenye jalada lake la kazi za mwaka, mkuu alipoamuru majalada yote yapitishwe kwenye mashine mpya. Mwalimu wa Kiingereza, Bwana Kobina Essilfie, mzaliwa wa Saltpond kule pwani, alipoulizwa hakusita. Msichana amenakili, alisema, na imemsikitisha sana, maana ana kipaji. Basi, kuna nini cha kuchunguza hapo?

Akyaa akaomba chumba, penseli na nakala za insha zote mbili.

Alifungiwa kwenye maktaba ndogo nyuma ya ofisi, kati ya atlasi zilizooza migongo. Alianza na ya Araba, akaisoma kwa sauti, kwa kuwa sikio hukamata kinachorukwa na macho. Ilimhusu bibi wa mwandishi, Nana Esi, mkulima wa muhogo katika kijiji kimoja karibu na Saltpond, mwimbaji wa kwaya ya Methodisti, mkali wa kuchapa na mwepesi wa kucheka. Kisha akaichukua ya Owusu. Humo bibi aliitwa Nana Afia, kijiji kilikuwa karibu na Juaben, na muhogo ulikuwa umegeuka kakao. Mto ulikuwa na jina jingine. Kwaya ilikuwa ile ile ya Methodisti. Akyaa akapiga mstari chini ya kila kilichobadilika, kama alivyozoea, na kila kilichofanana akakiruka.

Sentensi moja tu ilimsimamisha, na ilikuwamo kwenye zote mbili, neno kwa neno. *Nilikuwa nikiisubiri Alhamisi, siku aliyochelewa zaidi kurudi kutoka shambani, maana kesho yake Ijumaa jembe lilikaa nyuma ya mlango na bibi alikuwa wangu kutwa nzima.*

Akyaa naye alilelewa na bibi. Akaisoma mara ya pili, akahisi kuna kitu humo kinachomkwaruza, akakitafuta asikipate. Yeyote aliyeandika maneno yale alimpenda mtu. Akafunga jalada, akaagiza Araba aletwe.

Msichana aliingia amebana midomo. Alikuwa mwembamba, amenyolewa kipara kama wenzake wote, na hakukaa mpaka alipoambiwa mara ya pili. Alieleza kwa ufupi, kama mtu aliyechoka kueleza. Alihamia Odumkrom mwaka jana kutoka pwani, baada ya kumzika bibi yake. Muhula ule wa kwanza Bwana Essilfie aliwapa darasa zoezi la kuandika habari za mtu wanayemkumbuka. Akaandika kwa mkono, akakabidhi pamoja na wenzake, na karatasi haikurudi. Alipoiulizia aliambiwa haijafika kwa mwalimu. Alipotakiwa kujaza jalada la mwaka, akaiandika upya kutoka kichwani, kwa kuwa hajawahi kuandika kitu kizuri kama kile.

Akyaa akamuuliza nani alikusanya karatasi siku ile.

“Kiranja, Madam. Owusu.”

Mambo yakaanza kujipanga, na Akyaa hakupenda yalivyojipanga upesi hivyo. Kiranja anakusanya karatasi, anaipenda moja, anaichomoa njiani. Akauliza kama ni kweli yale aliyodokezwa kuwa wananong'ona mabwenini, kwamba yeye na Owusu walikuwa wapenzi, wakakosana. Araba akafyonya.

“Yule? Yule anavipenda viatu vyake, Madam. Hana nafasi ya mtu mwingine.”

Ilibidi Akyaa ainamie karatasi zake ili asicheke. Akauliza ilikuwaje insha ishinde mkoa mzima na mwenyewe asisikie. Araba akasema tuzo zilitolewa mjini, mshindi akaisoma insha jukwaani, wakaenda viranja na kwaya tu, na shuleni lililorudi ni kombe. Hakuwahi kuisoma insha ya Owusu mpaka juzi, alipowekewa mbele na kuambiwa ajieleze.

“Na ulipoisoma?”

Hapo ndipo sauti ya msichana ilipotetereka kwa mara ya kwanza. “Wamembadilisha jina bibi yangu,” alisema.

Akyaa alikuwa na jaribio aliloliamini kuliko mashine zote. Alichukua kurasa mbili za insha, akafuta kila neno la tano, akaacha mashimo. Aliyeandika huyajaza mashimo bila shida, kwa kuwa maneno ni yake, aliyenakili hukwama. Akampa Araba nakala yake pale pale. Kisha Owusu akaitwa, akakalishwa meza ya pili na nakala ya kwake.

Owusu alikuwa mvulana mrefu, mtaratibu, viatu vinang'aa kweli. Alijibu kila swali kwa “ndiyo, Madam” na “hapana, Madam”, akasema karatasi za darasa alizikusanya zote na kuziweka mezani kwa Sir, kisha akainama kuandika. Alikuwa wa kwanza kumaliza.

Madam Dorcas mwenyewe ndiye aliyesahihisha, akisimama nyuma ya bega la Akyaa. Owusu alikuwa amejaza kila shimo bila kukosea hata moja. Araba alikosea mengi. Penye “kibanda” aliandika “banda la majani”, penye “alinikemea” akaandika “alinigombeza”. Mkuu akakunja mikono kifuani. Alisema kwa upole kwamba sasa hata jaribio la mgeni limesema.

Akyaa alijua alivyoaibika. Alijaribu kueleza kwamba anayejaza bila kosa hata moja huenda amekariri, na mvulana aliyeisoma insha jukwaani lazima awe ameikariri. Kwamba mwandishi wa kweli hana sababu ya kukumbuka neno kwa neno, ana maneno mengine mengi pale yalipotoka hayo. Aliposikia anavyojieleza akaona ni maelezo ya mtu aliyeshindwa. Kamati haimrudishi mtoto darasani kwa maelezo ya namna hiyo. Mkuu akamkumbusha kwamba kengele ya chakula iko karibu kulia, akatoka.

Akyaa akatoka naye kwenda kunawa mikono, hasira imemjaa hadi kwenye masikio. Bomba lilikuwa nyuma ya jiko, panapoanza shamba la shule. Harufu ya supu ya njugu ilikuwa imetanda. Mahindi yalikuwa yamezungukwa na magugu, na majembe ya wanafunzi yalikuwa yameegemezwa ukutani, safi, hayajaguswa. Darasa zima la kilimo lilikuwa limekaa kivulini likinakili somo ubaoni. Akyaa akamuuliza mwalimu wao mbona hawapalilii na mvua iko njiani. Mwalimu, kijana aliyeletwa kutoka kaskazini, akacheka kwa uchovu, akasema hata yeye angependa, lakini leo Alhamisi, na ukipiga jembe mji huu siku ya Alhamisi wazee watakuja kukutoza kondoo.

Akyaa alijua hilo tangu hajajua kutembea. Alhamisi ni siku ya ardhi, hulazwa isiguswe. Bibi yake hata kisu cha kuchimbia hakukitoa nje. Aliyaacha maji yakimwagika mikononi, akasimama vile vile.

Kisha akajitukana kwa sauti, mpaka mpishi akageuka kumtazama.

Alikuwa ametafuta kilichobadilika. Asubuhi nzima, mstari chini ya hiki na kile, mtu aliyekula mshahara wa polisi miaka yote ile, na akasahau kuuliza nini kilipaswa kubadilika kikaachwa. Kule pwani kwa Wafante ardhi hulala Ijumaa. Alikwisha fanya kazi kule, analijua hilo, ndiyo maana alipomsoma Nana Esi wa Saltpond akichelewa shambani Alhamisi na kupumzika Ijumaa hakuona kasoro. Lakini Nana Afia wa Juaben, mkulima wa kakao katikati ya nchi ya Waasante, watu wa huku Kumasi, kachelewaje shambani Alhamisi?

Alimkuta Owusu kwenye mstari wa chakula, akamtoa, akamkalisha kwenye ngazi za maktaba.

Hakumwuliza insha. Alimwuliza bibi. Mvulana akafunguka kidogo; bibi yake wa kweli anaitwa Afia Konadu, anaishi karibu na Juaben, ndiye aliyemlea, na kila likizo yeye humsaidia kupasua kakao. Akyaa akauliza Alhamisi huwa wanafanya nini. Hawaendi shamba, Madam, alisema Owusu, na alipokwisha kusema akayatazama yale majembe kule ukutani mwa jiko na uso ukamsawajika.

“Aliisikia insha?” Akyaa aliuliza taratibu.

Kumbe bibi alikuwapo. Alishonewa nguo mpya, akapanda gari hadi mjini, akakaa safu ya mbele kumsikiliza mjukuu wake akimsifu kwa Kiingereza, na shangazi mmoja akawa anamfasiria sikioni. Walipofika Alhamisi bibi aliinuka akatoka nje. Alimwambia Owusu kwamba amemsimamisha mbele ya watu wa heshima na kumfanya mchafuzi wa ardhi, na kwamba huyo kwenye karatasi si yeye. Tangu siku hiyo hajamsemesha. Likizo nzima alikula chakula kilichofunikwa mezani, bila salamu. Owusu aliyasimulia haya akiwa ameshika kamba za viatu vyake kwa mikono miwili.

Akapangusa pua, akakaa wima. “Niliiiba mimi, Madam. Niliikuta kwenye karatasi za darasa, nikaichukua.”

“Mwongo,” alisema Akyaa.

Alimweleza kwa nini. Aliyeigeuza insha ile aliipitia kwa makini. Aligeuza jina, mto, zao, kijiji. Kama angekuwa Owusu, aliyekulia Juaben, Alhamisi ingemgonga jicho kabla ya kitu kingine chochote, naye angeigeuza kwanza. Aliyeiacha ni mtu ambaye Ijumaa ya kulaza jembe haikumshtua, kwa sababu ndivyo alivyokua akiona. Mvulana aliinamisha kichwa. Akyaa hakumtaka ataje mtu. Alimtaka ajibu kitu kimoja tu, kama aliwahi kugeuza hata neno moja kwa mkono wake. Owusu akatikisa kichwa. Alipewa ikiwa imeshachapwa, akaikariri.

Kengele ikalia.

Kamati ilikaa ofisini kwa mkuu, chini ya lile kombe. Walikuwapo Madam Dorcas, kasisi wa shule, mwalimu wa nidhamu, na Bwana Kobina Essilfie, mlalamikaji, katika shati jeupe lililopigwa pasi vizuri. Araba alisimama dirishani, Owusu ukutani. Begi la Araba lilikuwa tayari mlangoni. Mtu alikuwa amelileta kutoka bwenini bila kungoja uamuzi.

Bwana Essilfie alizungumza vizuri. Alikuwa mtu wa maneno mazuri, na kwa kweli alikuwa mwalimu hodari, hata wanafunzi wavivu walimpenda. Alisema yeye si wa kumwangamiza mtoto, ila tukiruhusu hili leo tutaruhusu nini kesho. Mkuu akamgeukia Akyaa, akamuuliza kama ana la kusema.

Akyaa akasema ana swali dogo tu, tena la nje kidogo. “Bwana Essilfie, wewe wa Saltpond. Nikitaka kuja kwenu kununua muhogo, niukute unachimbwa, siku gani nisije?”

Alicheka, hakuna Mfante asiyependa kuulizwa habari za kwao. “Usije Ijumaa, dada yangu. Ijumaa humkuti mtu shambani. Ardhi imelala.”

“Na hapa, Madam?”

“Leo,” alisema Madam Dorcas, bado hajaelewa. “Mbona unajua.”

Akyaa akafungua insha iliyoshinda, akaisoma ile sentensi ya jembe nyuma ya mlango, polepole, kisha akataja kijiji: karibu na Juaben. Kasisi ndiye aliyeelewa kwanza. Alivuta karatasi, akaisoma mwenyewe, akampelekea mwalimu wa nidhamu. Madam Dorcas alilitazama kombe kabatini, akaondoa macho upesi.

Bwana Essilfie alikuwa mwepesi. Alisema waamuzi wa mkoa wenyewe waliipitisha, na huenda bibi huyo ni Mwislamu, anapumzika Ijumaa kwa ajili ya sala. Akyaa akasema anaimba kwaya ya Methodisti, ukurasa wa pili. Basi, alisema mwalimu, na jasho likaanza kuonekana kwenye ule weupe wa shati, basi ni dhahiri kijana ndiye aliyenakili. Yeye ndiye aliyekuwa akikusanya karatasi, nani hajui, na afukuzwe yeye.

Alisema hivyo bila hata kumtazama Owusu. Mvulana aliyekuwa tayari kujitwika wizi kwa ajili yake akainua kichwa.

“Sir, si ulinipa wewe,” alisema. Hakupaza sauti. “Ulisema nikariri tu.”

Akyaa akamalizia kilichobaki, kwa kuwa neno la mwanafunzi dhidi ya mwalimu lisingetosha peke yake. Kati ya walioishika insha ile, ni wawili tu waliolelewa kwa Wafante. Mmoja ni huyu msichana, na hana sababu ya kumgeuza bibi yake kuwa Mwasante. Mwingine amekwisha tuambia sasa hivi, kwa mdomo wake, Ijumaa ni siku gani kwao. Alibadilisha kila kilichoonekana kigeni hapa kwa Waasante. Ijumaa haikuwa ngeni kwake, akapita.

Bwana Essilfie akaketi, ingawa hakuna aliyemwambia aketi, na yote yakatoka. Shindano lilidai mwanafunzi aliyekaa shuleni miaka miwili, na Araba alikuwa mgeni. Owusu aliyepangwa kuandika alikuwa ameumwa malaria. Siku ya mwisho ilikuwa imefika, na kila mtu alikuwa akimuuliza kombe la mwaka huu liko wapi. Ile karatasi ilikuwa mezani kwake, insha bora aliyowahi kupewa na mwanafunzi. Mashine ilipoikamata aliogopa. Alimtazama Madam Dorcas, si Araba, alipokuwa akisema kwamba kombe ni la shule nzima, kwamba alidhani halimwumizi mtu.

Mwalimu wa nidhamu akaenda kulichukua begi mlangoni, akaliweka miguuni kwa Araba kwa heshima, kama mtu anayerudisha kitu alichokivunja. Madam Dorcas alisema anaomba radhi kwa niaba ya shule, na kwamba mkoa utaandikiwa, na tuzo itarudishwa kwa mwenyewe. Akamuuliza Araba anataka nini zaidi.

Araba alimgeukia mwalimu wake.

“Bibi yangu aliitwa Esi, Sir,” alisema. “Siku ya kwanza uliniuliza darasani jina lake. Nikakwambia.”

Msichana akaja mezani, akaivuta insha iliyoshinda, akaomba kalamu. Kasisi akampa yake. Akaanza ukurasa wa kwanza, akakata Afia, akaandika Esi juu yake, akashuka mpaka kwenye Afia anayefuata. Owusu alisogea kutoka ukutani, akamshikia karatasi isiteleze. Palikuwa na Afia kila ukurasa, na hakuna aliyeinuka mpaka alipomaliza.